Profesa Scott Delp na Utafiti wa Mwendo wa Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Profesa Scott Delp ni nani?

Ni mhandisi wa Marekani ambaye kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akichunguza jinsi misuli na mifupa inavyoshirikiana kumwezesha mtu kusimama, kutembea na kukimbia. Anafundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, ambako anashikilia kiti cha uprofesa chenye jina la James H. Clark katika uhandisi wa kibayolojia na uhandisi mitambo, akiwa pia na nafasi katika idara ya upasuaji wa mifupa. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani. Nje ya fani yake jina hili halijulikani sana, lakini mtu yeyote aliyewahi kuona picha ya kompyuta ya kiunzi cha mifupa kinachotembea, kikiwa kimezungushiwa nyuzi nyekundu za misuli, yumkini ameona kazi iliyotoka katika maabara yake au iliyojengwa kwa zana zake.

Biomekanika ya mwendo ni elimu ya namna gani, na inatofautianaje na anatomia?

Anatomia hukuonyesha msuli unapoanzia na unapoishia. Biomekanika huuliza: msuli huo ukikaza, mwili utafanya nini? Maswali haya mawili yanaonekana kuwa ni moja, lakini sivyo. Mifupa imeungana kama pingili za mnyororo, kwa hiyo ukivuta pingili moja nyingine nazo husogea. Chukua msuli wa ndani wa shavu la mguu, ule unaoanzia chini ya goti na kushuka hadi kwenye kisigino. Vitabu vya anatomia vitasema kwamba kazi yake ni kushusha wayo, na hapo vitakuwa vimesema kweli. Lakini mtu akiwa amekanyaga ardhi, msuli huohuo hunyoosha goti, ingawa haupiti juu ya goti hata kidogo. Jambo hili lilielezwa kwa hesabu na Felix Zajac, mwalimu wa Delp, na mtu ambaye hajalielewa atapata shida kuelewa yote yanayofuata.

Si vibaya kukumbuka pia kwamba elimu hii ina mizizi mahali palepale ilipo Stanford leo. Mwaka 1878, katika shamba la farasi la Leland Stanford huko Palo Alto, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na kuonyesha kwamba farasi anayekwenda mbio hufika wakati ambapo kwato zake zote nne haziko ardhini. Chuo kikuu kilifunguliwa kwenye ardhi hiyohiyo mwaka 1891.

Alisomea nini, na alipitia wapi kabla ya kuwa profesa wa Stanford?

Alisomea uhandisi mitambo. Shahada ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado mwaka 1983, kisha akaenda Stanford kwa uzamili na uzamivu, ambao aliukamilisha mwaka 1990. Baada ya hapo alifundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern na kufanya kazi na taasisi ya utengamao ya Chicago, mahali ambapo mhandisi hukutana kila siku na wagonjwa wa kiharusi, wa uti wa mgongo na waliokatwa miguu. Alirudi Stanford mwaka 1999.

Modeli yake ya mwaka 1990 ilikuwa na jambo gani jipya?

Ilikuwa ni modeli ya mguu ndani ya kompyuta, tangu fupanyonga hadi vidole, yenye misuli 43 pamoja na kano zake. Watu walikuwa wamechora mifupa kwenye kompyuta kabla ya hapo. Jipya lilikuwa kwamba kila msuli katika modeli hii ulikuwa na njia yake ya kupita, urefu wake, na uwezo wake wa kuvuta, na kwamba mtumiaji aliweza kushika kano kwa kipanya, kuihamishia sehemu nyingine ya mfupa, kisha akaona papo hapo nguvu ya kuzungusha goti au nyonga imeongezeka au imepungua kwa kiasi gani.

Nguvu hiyo ya kuzungusha, ambayo wahandisi huiita momenti, hutegemea mambo mawili: jinsi msuli unavyovuta, na umbali wa mvuto huo kutoka kitovu cha ungio. Mtu anayefungua mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba anaujua umuhimu wa hilo la pili. Isitoshe, msuli hauvuti kwa nguvu ileile wakati wote. Tangu kazi ya Mwingereza A. V. Hill mwaka 1938 inafahamika kwamba msuli unaojikunja kwa kasi huvuta kwa nguvu ndogo kuliko unaojikunja polepole, na urefu wa msuli nao una mahali pake pazuri, ukizidi au ukipungua hapo nguvu hushuka. Kwa hiyo daktari anayehamisha kano huwa amebadilisha umbali na urefu kwa pamoja, na anaweza kupata kwa mkono mmoja akapoteza kwa mkono mwingine. Kabla ya modeli hii hesabu hiyo ilikuwa ikifanywa kichwani, kwa uzoefu.

Kwa nini daktari wa upasuaji amhitaji mhandisi?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yote ya Delp, na mfano mzuri zaidi ni wa watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao huitwa pia kupooza kwa ubongo. Wengi wa watoto hawa hutembea magoti yakiwa yamekunjika, kana kwamba wako njiani kuketi. Mwendo huo huchosha, na mtoto akizidi kuwa mzito huweza kufika mahali asiweze kutembea kabisa.

Ukimtazama mtoto wa namna hiyo, fikra ya kwanza inayokujia ni kwamba misuli ya nyuma ya paja imekuwa mifupi na inalivuta goti. Dawa yake, kwa fikra hiyo, ni kuirefusha kwa kisu, na upasuaji huo umefanywa kwa watoto wengi sana duniani. Delp na wenzake walichukua vipimo vya mwendo wa watu wenye tatizo hili, wakaviingiza katika modeli, na mwaka 1996 wakatoa matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia: kwa wengi wa wagonjwa hao misuli ya nyuma ya paja haikuwa mifupi hata kidogo wakati wa kutembea. Ilikuwa na urefu wa kawaida au hata kuzidi kawaida. Uliokuwa mfupi ni msuli wa soasi, ule unaotoka kwenye uti wa mgongo, ukapita mbele ya nyonga na kushika mfupa wa paja.

Sababu yake ni ya kimekanika tu. Misuli ya nyuma ya paja hupita juu ya maungio mawili, nyonga na goti. Goti likikunjika hulegea, lakini nyonga ikikunjika na fupanyonga likiinamia mbele hunyooshwa kutoka juu. Kwa mtoto anayeinama huku amekunja magoti, mambo haya mawili hushindana, na mara nyingi la juu hushinda. Ukimrefushia msuli ambao tayari ni mrefu, unaweza kumdhoofishia nyonga bila kumsaidia goti. Si kwamba upasuaji huo haufai kwa yeyote. Kuna wanaoufaa na wasioufaa, na macho peke yake hayatoshi kuwatenganisha.

Mfano wa pili unahusu msuli ulionyooka wa mbele ya paja. Kwa baadhi ya wagonjwa wanaoshindwa kukunja goti wakati wa kunyanyua mguu, madaktari huuhamisha mwisho wa msuli huu kuupeleka nyuma ya goti, kwa matumaini kwamba kilichokuwa kikinyoosha sasa kitakunja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Stephen Riewald na Delp waliuchochea kwa umeme msuli uliokwisha kuhamishwa, ndani ya miguu ya wagonjwa wenyewe, ili wapime unaelekeza nguvu wapi. Ulikuwa bado unanyoosha goti. Wagonjwa walikuwa wamepata nafuu, naam, lakini kwa sababu tofauti na iliyoandikwa vitabuni: msuli ulikuwa umepungua uwezo wake wa kuzuia, haukuwa umegeuka kazi.

SIMM na OpenSim ni programu moja?

Hapana, ingawa moja imetangulia nyingine. SIMM, programu ya kujengea modeli za misuli na mifupa, ilitokana moja kwa moja na modeli ya 1990, Delp akishirikiana na Peter Loan, na iliuzwa na kampuni ya MusculoGraphics ambayo Delp alishiriki kuianzisha. Katika miaka ya 1990 ilihitaji kompyuta za Silicon Graphics, mashine za gharama kubwa ambazo maabara chache zilikuwa nazo. Kwa hisani ya historia, mwanzilishi wa Silicon Graphics ni James H. Clark, yuleyule ambaye kiti cha uprofesa cha Delp kimepewa jina lake.

OpenSim ilitolewa kwa umma mwaka 2007 ikiwa programu huria: unaipakua bure, unausoma msimbo wake, unaubadilisha ukitaka. Ilikua chini ya kituo kilichofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Kwa maoni yetu uamuzi huu una uzito kuliko makala yoyote aliyoiandika, kwa sababu kabla yake mtafiti wa mwendo alikuwa akiandika programu yake, anachapisha matokeo, na mwenzake wa bara jingine hana njia ya kuyarudia ili ayathibitishe. Hesabu isiyoweza kurudiwa na mwingine ni ya kuaminiwa kwa heshima ya mtu tu.

OpenSim hujuaje msuli unavuta kwa nguvu kiasi gani, ilhali hakuna kipimo kilichowekwa ndani yake?

Kazi huanzia kwenye maabara ya mwendo. Mtu hubandikwa alama ndogo zinazong'aa kwenye mwili, kamera nyingi hufuatilia alama hizo, naye hutembea juu ya sahani zilizozikwa sakafuni ambazo hupima jinsi ardhi inavyomsukuma. Programu huchukua modeli ya kawaida ya mwili, huinyoosha au kuifupisha ilingane na mtu huyo, kisha hutafuta pembe za maungio zinazolingana zaidi na mahali alama zilipokuwa katika kila wakati. Ikishajua mwili ulivyosogea na ardhi ilivyousukuma, sheria za Newton huipa momenti ya kila ungio.

Ugumu uko katika hatua inayofuata. Goti moja lina misuli mingi kuliko milinganyo uliyonayo, hivyo momenti ileile inaweza kutokana na michanganyiko isiyohesabika ya nguvu za misuli. Ni sawa na kuambiwa watu wanane wamevuta jahazi hadi pwani, ukaulizwa kila mmoja alivuta kwa nguvu gani. Njia inayotumika zaidi ni kudhani kwamba mwili haupendi kujichosha: kompyuta hutafuta mgawanyo unaoleta momenti inayotakiwa huku jumla ya mraba wa uamsho (kiwango ambacho kila msuli umewashwa) wa misuli yote ikiwa ndogo kadiri inavyowezekana. Dhana hiyo hufanya kazi vizuri kwa mtu mzima mwenye afya anayetembea taratibu. Kwa mtu mwenye kiharusi, ambaye misuli yake hukaza kwa kushindana, ni dhana ya kuchukuliwa kwa tahadhari kubwa.

Matokeo yake yamewahi kulinganishwa na kipimo cha kweli?

Yamelinganishwa. Wapo wagonjwa wachache waliowekewa magoti bandia yenye vipimo ndani yake, vinavyotuma kwa redio nguvu inayobanwa kwenye goti. Delp ni mmoja wa watafiti walioshirikiana na Benjamin Fregly kuandaa mashindano ambamo timu mbalimbali zilipewa data za mwendo wa wagonjwa hao, zikakadiria nguvu ndani ya goti bila kuoneshwa jibu, kisha jibu likafunuliwa. Unapotembea kawaida, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako, na sehemu kubwa ya mzigo huo hutokana na misuli yenyewe inayolibana. Modeli ziliukaribia ukweli, baadhi zikapotea kwa kiasi kisichopuuzika, na ni jambo la heri kwamba hayo yalitokea hadharani.

Vipimo vya misuli vilivyomo kwenye modeli vilitoka kwa nani?

Vilitoka kwa maiti. Data za mwanzo zilizotegemewa na fani nzima zilitokana na maiti watatu tu, katika utafiti wa mwaka 1983, na modeli nyingi za dunia zilijengwa juu ya msingi huo mwembamba. Baadaye Samuel Ward na wenzake walipima misuli ya miguu 21, na modeli iliyotolewa na maabara ya Delp mwaka 2016, yenye misuli 80 ya miguu yote miwili, ilichanganya vipimo hivyo na picha za sumaku (MRI) za vijana 24 walio hai, kwa sababu misuli ya mzee aliyefariki haiwezi kumwakilisha kijana anayeruka.

Je, msuli wa mtu aliye hai unaweza kuonekana ukifanya kazi?

Ndiyo. Mwaka 2008 Delp, Mark Schnitzer na wanafunzi wao walionyesha kwamba lenzi nyembamba, ya kipenyo cha chini ya nusu milimita, inaweza kuingizwa ndani ya msuli kama sindano, na kwa mwanga wa leza ikaonyesha sakomia, yaani vijisehemu vidogo vya msuli ambavyo kila kimoja kina urefu wa mikromita mbili au tatu hivi. Walizipiga picha sakomia zikijikunja, kwa panya na kwa binadamu, bila kukata kipande cha nyama.

Tumesikia amewahi kusogeza misuli kwa mwanga. Ni kweli?

Ni kweli, kwa panya. Optojenetiki ni mbinu ya kuzipa seli za neva protini inayoitikia mwanga, na Stanford ndipo anapofanyia kazi Karl Deisseroth, mmoja wa waasisi wake. Mwaka 2010 Deisseroth, Delp na wenzao walitoa matokeo yenye maana kwa yeyote anayeshughulika na waliopooza. Ukichochea neva kwa umeme, nyuzi kubwa za msuli, zile zenye nguvu lakini zinazochoka upesi, ndizo hujibu kwanza. Ndiyo maana vifaa vya umeme vya kumwezesha aliyepooza kusimama humchosha baada ya muda mfupi. Walipotumia mwanga, nyuzi ndogo zisizochoka haraka zilitangulia na kubwa zikafuata, kama maumbile yanavyofanya. Kutoka hapo hadi hospitalini bado ni safari ndefu, kwa kuwa seli za mtu lazima kwanza zibadilishwe vinasaba.

Alikuwa na nafasi gani katika kuanzishwa kwa idara ya uhandisi wa kibayolojia Stanford?

Alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Idara hiyo iko chini ya kitivo cha uhandisi na kitivo cha tiba kwa pamoja.

Utafiti wa hatua za watu kwa simu ulisema nini?

Uliongozwa na Tim Althoff pamoja na Delp, Jure Leskovec na wenzao, ukachapishwa mwaka 2017. Walitumia hatua zilizohesabiwa na programu ya simu za watu 717,527 katika nchi 111, jumla ya siku milioni 68. Wastani wa dunia katika data hizo ulikuwa hatua 4,961 kwa siku. Hong Kong ilikuwa juu kwa hatua 6,880, na Indonesia chini kwa 3,513.

Kilichowashangaza wengi si wastani. Waligundua kwamba wastani wa nchi hautabiri vizuri kiwango cha unene wa kupita kiasi. Kinachotabiri vizuri zaidi ni pengo kati ya wanaotembea sana na wanaotembea kidogo. Waliliita ukosefu wa usawa wa mazoezi, na wakaonyesha kwamba pengo likipanuka, wanawake ndio hupunguza hatua zaidi kuliko wanaume. Katika miji 69 ya Marekani, ile iliyo rahisi kutembea kwa miguu ilikuwa na pengo dogo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza kama matokeo haya yanamhusu. Ulinganisho wa nchi ulihusisha nchi 46 tu, zile zilizokuwa na watumiaji wasiopungua 1,000, na wote ni watu wenye simu janja waliopakua programu ya afya kwa hiari. Mama anayechota maji asubuhi na kurudi shambani jioni, simu ikiwa imebaki nyumbani ikichajiwa au haipo kabisa, hajahesabiwa katika wastani wowote wa namna hii.

OpenCap ni nini?

Ni jaribio la kuitoa maabara ya mwendo ndani ya jengo. Badala ya kamera ghali na alama za kubandika, unaweka simu mbili au zaidi juu ya vishikio, zinamrekodi mtu kwa video kutoka pembe tofauti, na video zinatumwa kwenye kompyuta za mbali. Huko akili mnemba hutambua mahali yalipo maungio, na modeli za OpenSim hukadiria pembe na nguvu. Scott Uhlrich, Antoine Falisse na Łukasz Kidziński waliongoza kazi hiyo katika maabara ya Delp, na makala yao ilitoka mwaka 2023. Katika jaribio la watu 100, walionyesha kwamba kazi hufanyika mara 25 kwa kasi zaidi ya njia ya maabara, kwa chini ya asilimia moja ya gharama.

Kuna masharti ambayo mtu wa Mwanza au Kisumu ayajue mapema. Simu zinazotakiwa ni za Apple, siyo za Android ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwetu. Video lazima zipande mtandaoni, kwa hiyo bando na kasi ya intaneti vinaingia kwenye bajeti. Na matumizi ya bure ni kwa ajili ya utafiti wa kitaaluma.

Kuna mgonjwa wa kawaida aliyefaidika, au yote ni ya maabara?

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya watu ni wa kusagika kwa goti. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Uhlrich, Delp akiwa mmoja wa waandishi, kwa watu 68 wenye gegedu inayolika upande wa ndani wa goti. Kila mmoja alipimwa ili ijulikane kama mzigo wa goti lake hupungua akielekeza vidole vya mguu ndani au nje, na kwa digrii 5 au 10. Nusu yao walifundishwa kutembea hivyo, kwa kifaa kilichokuwa kikitetemeka kwenye muundi walipokosea; nusu nyingine walipata kifaa hichohicho lakini wakaelekezwa kuendelea na pembe yao ya asili. Baada ya mwaka mmoja, waliobadilisha pembe walikuwa na maumivu kidogo kuliko wenzao, na picha za sumaku zilionyesha dalili kwamba gegedu yao ilikuwa ikiharibika polepole zaidi.

Tunaongeza onyo ambalo mtaalamu yeyote wa viungo angeliongeza: pembe inayomfaa mmoja inaweza kumwongezea mzigo mwingine. Usianze kutembea vidole ndani kwa sababu umesoma hapa.

Utafiti huu unaeleza kwa nini wakimbiaji wa Iten na Eldoret hushinda?

Hapana. Unachoeleza ni kazi ya misuli kwa mkimbiaji yeyote. Samuel Hamner, Ajay Seth na Delp walionyesha mwaka 2010 kwamba misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki na kuubeba mwili mguu unapotua, na misuli ya shavu la mguu ndiyo inayousukuma mwili mbele. Kuruka kutoka hapo hadi siri za Bonde la Ufa ni kuidai elimu hii kitu ambacho haijapima.

Muungano wa Wu Tsai una uhusiano gani naye?

Ndiye mkurugenzi wake. Ni muungano wa utafiti ulioanzishwa mwaka 2021 kwa zawadi ya dola milioni 220 kutoka kwa Joe Tsai na mkewe Clara Wu Tsai, ukiziunganisha taasisi sita za Marekani. Lengo lake ni kuchunguza mwili wenye afya, na hasa wa mwanariadha, ili kujua unavyofikia kilele chake, badala ya kusubiri uugue ndipo uchunguzwe.

Wanafunzi wake wako wapi?

Wametapakaa. Wendy Murray, aliyejenga modeli za mkono, yuko Northwestern; Silvia Blemker, aliyeonyesha kwamba msuli si uzi mmoja ulionyooka bali ni umbo zima lenye nyuzi zinazonyooka kwa viwango tofauti, yuko Chuo Kikuu cha Virginia; Uhlrich amekwenda Utah. Delp pia ameandika kitabu cha kiada pamoja na Thomas Uchida, na mihadhara mingi ya kundi lake inapatikana bure mtandaoni.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aanzie wapi?

Aanze na hesabu na mekanika ya mwaka wa kwanza, bila kuziruka, kisha anatomia. Shahada za uhandisi wa vifaa tiba zinafundishwa Muhimbili, Makerere na vyuo vya Kenya, na anayependa viungo bandia atafaidika kuwatembelea mafundi sanifu wa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, ambao hurekebisha mwendo wa mtu kwa jicho na bisibisi kila siku. OpenSim inakubali kuendeshwa kwa lugha ya Python, na mifano ya mwanzo iliyokuja nayo inaweza kufanyiwa kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na nina simu moja tu ya kawaida. Video yake ina faida yoyote?

Inaweza kuwa nayo. Mwaka 2020 Kidziński, Delp na wenzao walichapisha utafiti uliotumia video 1,792 za wagonjwa 1,026 wenye mtindio wa ubongo, waliorekodiwa na kamera moja katika kituo cha watoto huko Minnesota. Mtandao wa neva bandia, yaani aina ya akili mnemba, ulijifunza kukadiria kasi ya mtoto, idadi ya hatua kwa dakika na kukunjika kwa goti kutokana na video hizo pekee. Ulifunzwa kwa watoto wa aina moja, katika ukumbi wa aina moja, kwa hiyo usitarajie ufanye hivyo kwa mzee wa kiharusi kwenye korido yako. Lakini video iliyorekodiwa vizuri leo italinganishika na ya miezi sita ijayo, hata kwa macho yako mwenyewe. Muombe ruhusa mzazi, muweke mtoto apite mbele yako kwa ubavu, simu iwe juu ya kitu kisichotikisika kwa kimo cha nyonga yake, mwili wote uonekane tangu kichwa hadi nyayo, kaptura badala ya suruali pana, na siku ya marudio weka simu palepale.